Nani Kachinja?

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu, na msicheke. Mgongo ndio ulioamua. Ukinyanyua masufuria ya pilau mwaka hadi mwaka, inafika siku unainama kuokota mwiko na huwezi kusimama mpaka ushikwe kwapani kama bibi harusi aliyezimia. Daktari akaniambia kazi ya kupikia shughuli basi. Kwa hiyo ninyi mliobaki jikoni, na ninyi mnaoingia sasa na vyeti vyenu vya chuo ndani ya bahasha kama nilivyoingia mimi, nawaandikia haya kabla sijasahau.

Kwanza ya mikono, maana ndiyo mtakayoyahitaji kesho. Mwenye shughuli akikutajia idadi ya wageni, usiamini. Hadanganyi, ila anahesabu aliowaalika, na watu wa kwetu Singida hawangoji kualikwa, wao wanasikia tu. Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza peke yake na tangawizi, achemke hasa, ndipo ufikirie viungo. Ukimpa muda wa kuku wa kisasa, wageni watatafuna mpaka hotuba ziishe. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapa hapa yana harufu yake. Yapashe na kipande cha kitunguu mpaka kitunguu kiwe cheusi, ukitupe, ndipo uanze. Wali ukikaribia kukauka, upalie: punguza moto wa chini, weka makaa juu ya mfuniko, kisha usifunue kila dakika kuchungulia, wali si mgonjwa. Na chumvi iwe ya mtu mmoja. Shughuli yangu ya kwanza tulitia chumvi watu watatu, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau, na siku ile soda ziliisha kabla ya chakula.

Hayo yote alinifundisha Bi Zaituni, mwenye kundi letu, mama wa mjini Singida ambaye nadhani hakuna uwanja wa nyumba katika mkoa huu ambamo hajawahi kupiga mafiga. Siku nilipomfuata kuomba kazi aliniuliza nimesomea nini.

"Sosholojia, mama."

"Inapikwaje hiyo?"

Nikaitazama bahasha yangu ya vyeti. Akasema, "Haya, shika kisu, menya vitunguu, ukikumbuka utaniambia." Tangu hapo jina langu likawa Mwanachuo.

Sasa kuna swali moja ambalo hamtalikwepa. Mtaulizwa katika kila nyumba, mara nyingi na mtu aliyeinama karibu kabisa na sikio lako, kabla hajashika hata sahani: nani kachinja? Mnajua desturi yetu. Hata nyumba iwe ya Wakristo tupu, hata sherehe iwe ya kipaimara, anatafutwa Mwislamu wa kuchinja ili kila atakayepita ale. Nimekulia katika desturi hiyo na sikuwahi kuiona. Chuoni nilijifunza kuuliza kila kitu, nikarudi nyumbani nikaanza kuiona, na nikiona kitu siwezi kunyamaza.

Basi nikawa nauliza. Ukiwa jikoni unapata nafasi ambayo mchungaji na shehe hawaipati, kwa sababu mtu anayesubiri nyama iive hana pa kukimbilia. Kijijini Ulemo nilimuuliza bibi mmoja, mke wa mzee wa kanisa, kwa nini hali kuku aliyechinjwa na mumewe.

"Huyo si nyama, ni mzoga," akasema.

"Lakini bibi, wewe ni Mkristo."

"Ndiyo! Na imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

"Wewe si ndiye uliyesoma? Biblia ni nene, tafuta!"

Nilimuuliza kijana aliyetoka kusoma maulidi kwa sauti iliyowatoa watu machozi, maneno yale maana yake ni nini. Akaniambia sehemu kubwa hajui, ila moyo wake unajua. Nilimuuliza mtoto wa kipaimara aliyeghani amri zote na maelezo yake bila kuvuta pumzi, akaniambia amri ngumu ni ile ndefu. Wakubwa walikuwa na jibu moja: mchungaji anajua, shehe anajua. Nikamuuliza mchungaji kuhusu Utatu, akaniambia mambo mengine ni ya kuamini. Nikamuuliza shehe, akacheka mpaka akakohoa: "Kwa hiyo wanasema mimi ndiye ninayejua?"

Nitasema kweli, nilifurahia. Nilikuwa nakusanya majibu yale kama mtu anayekusanya ushahidi, na niliona nimekamata nchi nzima ikishikilia kitu isichokijua. Bi Zaituni alikuwa akinisikiliza huku anapepeta mchele. Siku moja akaniuliza, "Na wewe usiyeamini, hicho usichokiamini unakielewa?" Nikaanza kujibu, akaniambia jibu liwe fupi maana maji yamechemka. Nikaenda kutia mchele.

Nifike Iguguno sasa, maana ndiko nilikokuwa nawapeleka.

Mzee Msengi ni mkulima wa alizeti na mzee wa kanisa pale Iguguno. Binti yake, Rehema, alikwenda mjini kuuza dukani kwa familia moja ya wafanyabiashara Waislamu, akaolewa na kijana wa nyumba ile, akasilimu. Baba akasema asikanyage tena uwanja wake. Wanyiramba tukisema neno la namna hiyo huwa tunalitimiza, na yeye alilitimiza kwa miaka. Kisha Rehema akajifungua mtoto wa kiume. Mkewe Mzee Msengi, Mama Rehema, aliacha kumtengea mumewe chakula mezani. Alikuwa anakiacha jikoni akichukue mwenyewe. Haikuchukua muda mrefu mzee akatuma ujumbe mjini: njooni wote, mje na mjukuu wangu, mle kwangu.

Akatuita sisi tupike. Alipokuja kumuona Bi Zaituni alikuwa na neno moja tu. "Mama, nikiharibu hii, yule mtoto sitamuona tena. Nisaidie wale, washibe, wasipate la kusema."

Kuchinja alipewa Mzee Salumu, ambaye kwa vijiji vile ndiye mchinjaji wa kila nyumba, ya msikitini na ya kanisani. Tulipofika asubuhi na masufuria yetu juu ya gari la Noah, Mzee Msengi alitupokea getini amevaa shati lake la ibada, mikono ya shati ina damu, uso unang'aa. Nyuma yake kulikuwa na karai limejaa kuku walionyonyolewa.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, karibuni, kazi nimewapunguzia!"

Bi Zaituni hakushusha hata kikapu. "Nani kachinja, mzee?"

"Mimi."

Mama Rehema, aliyekuwa akisugua sahani, akasema bila kugeuka, "Nilimwambia asubiri. Huyu akiwa na furaha hasikii."

"Salumu pikipiki imemfia huko Ulemo," mzee akaeleza. "Kapiga simu hajui atafika saa ngapi. Nikasema, wakwe waje wakute maji yanachemka ndani hamna kitu? Nikachukua kisu. Lakini mama, nimefanya yote! Nimewaelekeza kule," akaonyesha upande wa kaskazini, "na kila mmoja nimemtamkia Bismillahi, Allahu Akbar. Kila mmoja na yake, sikuwatamkia kwa jumla. Miaka yote Salumu anachinja hapa uwanjani mbele ya macho yangu, ningeshindwaje?"

Mzee wa kanisa, alfajiri, peke yake uwanjani, anaelekeza kuku kibla. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Kisha nikaona uso wa Bi Zaituni, na mzee akaanza kuusoma ule uso.

"Nimekosea?" akauliza.

"Sijui," akasema Bi Zaituni. "Wallahi sijui."

Kuku wengine hawakuwepo, alikuwa amewamaliza bandani. Kwenda kununua, kumpata mchinjaji, kunyonyoa na kuchemsha kuku wa kienyeji hadi alainike, wageni wangekuwa wameshakaa na wameshachoka kukaa. Nikamvuta Bi Zaituni pembeni.

"Tunyamaze," nikamwambia. "Kaelekeza kunakotakiwa, katamka kinachotakiwa. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi."

"Wewe mwenyewe unajua kwa nini lazima achinje Mwislamu?"

"Vizuri, hapana. Niliambiwa na mama yangu, naye aliambiwa na mama yake."

"Kwa hiyo mzee apoteze binti kwa kitu ambacho hakuna mtu hapa anayeweza kukieleza?"

Nilikuwa na hasira, na sioni kuwa hasira ile ilikuwa ya kijinga hata leo. Lakini yeye akaniangalia kama mtu anayepima moto kwa mkono. "Mwanachuo, wataniuliza mimi nani kachinja. Hawatakuuliza wewe. Wananiuliza kwa sababu nikisema, wanakula. Siku nitakaposema uongo, hata nikipika maji hayatanyweka. Weka maharage jikoni."

"Maharage?"

"Maharage, sufuria lake, mwiko wake, na uyaunge kwa karanga. Kuku tutawapika pia. Hatutupi chakula cha mtu aliyeamka alfajiri."

Tukapika. Mzee Msengi alikaa kwenye kigoda karibu na moto akitazama sufuria la kuku kama mtu anayesubiri matokeo hospitalini. Alibadilisha shati.

Wakwe walifika mchana. Mbele alishuka Bibi Mwajuma, bibi wa yule kijana aliyemuoa Rehema, ndiye mkubwa wa ile nyumba na kila mtu alimtazama yeye kwanza. Akafuata mwanawe Bakari, mtu wa duka, sauti kubwa. Kisha mumewe Rehema, na Rehema mwenyewe na mtoto mgongoni. Mama Rehema alimpokea mtoto kabla hajampokea Rehema. Rehema na baba yake walisalimiana. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Wakaishia hapo.

Sahani zikapangwa mkekani, chini ya turubai uwanjani. Bibi Mwajuma akanawa, akamwita Bi Zaituni kwa kidole, na nikajua swali linakuja. Bi Zaituni akasogea. Lakini Mzee Msengi alikuwa ameshasimama.

"Wakwe zangu," akasema, "kuku nimechinja mimi."

Bakari akarudisha mkono. "Wewe? Mzee wa kanisa?"

"Mimi. Mchinjaji kakwama njiani."

"Basi si halali hiyo."

Dereva wao, aliyekuwa amekaa karibu na mlango wa nyumba, akadakia, "Mbona redioni nilimsikia shehe anasema chakula cha Wakristo kinaruhusiwa?"

"Shehe gani? Redio gani? Wewe endesha gari."

"Bakari," akasema Bibi Mwajuma taratibu, "si halali kwa nini?"

"Kwa sababu hakuchinja Mwislamu, mama."

"Hilo umeshalisema. Nauliza kwa nini."

"Mama na wewe! Mambo hayo maalimu ndiye anayejua."

Nilishika nguzo ya turubai. Lilikuwa swali langu, neno kwa neno, na lilikuwa linatoka kwa bibi mwenye tasbihi mkononi. Sikujua kwamba na wao wanaulizana.

"Ulitamka?" Bakari akamgeukia mzee.

"Nilitamka."

"Hebu tamka tusikie."

Mzee Msengi akakaza shingo, akatamka kwa lafudhi yetu ya Kinyiramba, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya korongo. Mjukuu akaacha kunyonya akamtazama. Dereva akainama kuficha kicheko.

"Sawa," Bakari akasema, naye akijizuia. "Lakini ulipotamka ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha binti yangu ale kwangu," akasema mzee. "Na Mungu nilimtaja huyo huyo ninayemjua. Sina mwingine."

Bibi Mwajuma akamgeukia mke wa mjukuu wake. "Rehema, wewe ndiye umesoma. Sisi tulizaliwa humu, hakuna aliyetuketisha kutufundisha. Wewe uliingia kwa darasa. Sema."

Rehema alikuwa amejikunja pale mkekani kama mwanafunzi. Alisema polepole. "Nilifundishwa kwamba waliopewa Kitabu, na Wakristo wakiwemo, chakula chao tunaruhusiwa. Nikafundishwa kwamba wapo wanazuoni wanaoweka masharti juu ya hapo, na wapo wanaosema ukiwa na shaka, acha." Akamtazama baba yake. "Sikufundishwa nifanye nini baba yangu akichinja hivi."

Akaivuta sahani. "Mimi nitakula, bibi. Nimeridhika."

Akala. Baba yake alimtazama akitafuna lile tonge la kwanza mpaka akamaliza.

"Haya," akasema Bibi Mwajuma. "Mimi sitakula. Nina shaka, na kwa umri huu sitaki mzigo wa shaka. Pengine yeye yuko sawa na mimi nimekosa. Mpishi, kuna kingine?"

"Maharage, bibi. Sufuria lake na mwiko wake."

"Lete. Na mtu asimnunie mwenzake hapa."

Nilipochukua bakuli Mzee Msengi alininyang'anya. Alimpelekea yeye mwenyewe, akamnawisha tena mikono, akapiga goti kumtengea. Bibi akaonja, akauliza nani kaunga karanga. Mume wa Rehema alikula kuku. Bakari alikula maharage na mama yake, ila nilimuona akilifuata kwa macho kila paja lililopita.

Kuna watakaosoma hapa na kusema, umeona sasa, hawajui dini zao, mchezo mtupu. Nilishasema hivyo miaka mingi na sijabadilika katika kila kitu. Bado nauliza, na sina nia ya kuacha. Naona ni aibu mtu kufa na kitu alichokibeba maisha yote bila kukifungua. Lakini mkekani pale niliona watu wasiojua wakikiri kwamba hawajui, mbele ya wakwe, chakula kikiwa kimeiva, na kila mmoja akachukua msimamo wake bila kumtoa mwenzake nje. Chuoni tulikuwa na midahalo mikali sana na sikuwahi kuona mtu akisema "pengine yeye yuko sawa" huku ana njaa.

Namshukuru Bi Zaituni kwa kutonisikiliza siku ile. Ningefanikiwa, na wangekula, na Rehema angeondoka pale bila kuwahi kumsikia baba yake akisema kile alichokisema. Namshukuru pia kwamba katika miaka yote hakunikataza kuuliza hata mara moja, aliniambia tu nisiulize mtu ambaye tonge liko mdomoni. Kwa hiyo ninyi vijana, mkiulizwa nani kachinja, jibuni ukweli, kisha hakikisheni jikoni kuna maharage. Na kama na ninyi mna maswali, ulizeni. Watu wanayo majibu machache kuliko mnavyodhani na maswali mengi kuliko wanavyoonyesha.

Jua lilipoanza kulegea wakaanza kuagana. Bibi Mwajuma akashikana mkono na Mzee Msengi, hakuuachia.

"Sikukuu uje mjini, baba. Sasa ni zamu yetu kukupikia."

"Nitakuja. Mtanipikia nini?"

"Maharage," akasema bibi, na uwanja mzima ukapasuka kicheko, Bakari kuliko wote.

Wakaingia garini. Dereva akawasha. Rehema alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma na mtoto amelala mapajani, mlango bado wazi, mama yake ameushika. Akamwambia mumewe, kwa sauti ya mtu anayesema jambo dogo tu, "Nilikuwa nafikiri mimi na mtoto tubaki wiki hii."

Mume akamtazama bibi, bibi akatazama mbele kana kwamba barabara ya Singida ina kitu kipya. Mzee Msengi hakungoja wamalize kutazamana. Alikuwa ameshazunguka nyuma ya gari, ameshafungua buti, ameshatoa begi na kulitia kichwani, na anakwenda nalo mbio mbio kuelekea nyumbani, akimpigia mkewe kelele kwa Kinyiramba kwamba atandike kile kitanda cha dirishani.